Jezi Aliyozikwa Nayo Emil

Mtaa wa Tolliver 418,
Brannock, Ohio.
9 Februari 2019

Mpendwa shemeji Rudi,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye theluji. Natumaini goti lako sasa linakufikisha dukani bila fimbo, na kwamba Nadine ameacha kukohoa. Mimi mwili unakwenda, nashukuru. Bado nalala upande wangu tu wa kitanda, na asubuhi natoa vikombe viwili kabatini, kisha narudisha kimoja. Nasikia huko Tucson mwezi huu mnakaa nje na mashati ya mikono mifupi. Kaeni na kwa niaba yetu.

Asante kwa kadi na kwa mchango wa misa ya ndugu yako Emil. Padre Simko aliisoma Jumapili ile ya baridi kali, na watu walijaa mabenchi ya mbele, jambo ambalo Emil mwenyewe asingeliamini.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu badala ya simu. Kwenye simu wewe hutania na mimi hulia, na hakuna tunalolimaliza. Najua klabu yetu ya besiboli imekupigia. Walinipigia mimi kwanza, binti mmoja mwenye sauti nzuri. Wanataka siku ya kufungua msimu waonyeshe picha ya Emil kwenye ile skrini kubwa, sisi jamaa zake tusimame kwenye nyasi, mwenye timu atupe mkono, na uwanja mzima upige makofi. Nilikataa. Ndipo wakatafuta namba yako, kwa sababu wanahitaji ridhaa ya ndugu mmoja tu. Nadine ameniambia umeshaanza kutafuta nauli ya ndege. Rudi, nakuomba usikubali. Wanataka jibu Ijumaa. Soma kwanza haya, kwa kuwa wewe hukuwapo, kisha uamue.

Unakumbuka jinsi Emil alivyompenda Wilmer Pichardo. Klabu ilimleta kutoka Jamhuri ya Dominika akiwa na miaka kumi na saba, mwembamba kama ufagio, na wakampeleka kwenye timu yao ndogo kule Ashby akajifunze kurusha. Emil alinipeleka kumtazama. Mvua ilinyesha, tukala soseji zilizopoa, na mtoto yule akarusha mipira minne mfululizo ukutani. Mimi nikataka turudi nyumbani. Emil akaniambia, "Tulia, Lorraine. Huyu tutazeeka naye." Na kweli tulimngoja mwaka hadi mwaka mpaka mkono ukatulia, na kiangazi kilichopita hapakuwa na mpigaji nchi nzima aliyependa kusimama mbele yake. Wewe mwenyewe ulimwona kwenye televisheni.

Mwezi wa Oktoba, Emil akiwa hospitali, nilimnunulia jezi ya Pichardo. Niliinunua duka la uwanjani, ile yenyewe, si za barabarani. Picha ya Pichardo ilikuwa mlangoni, kubwa kuliko mlango. Emil akaivaa juu ya gauni la wagonjwa, na wauguzi wakawa wanamwita mrushaji. Siku moja akaniambia hataki suti. Alisema suti ile imeshakwenda kwenye mazishi mengi ya watu wengine na imechoka. Anataka jezi.

Bwana Vargo wa nyumba ya mazishi aliniambia kwamba kwa kawaida nguo hukatwa mgongoni ili imwingie marehemu. Nilimsihi asiikate. Akarudi baadaye kidogo akasema hakukuwa na haja. Emil alikuwa amepungua sana, na jezi iliingia yenyewe.

Tulimzika Jumatano. Jumamosi ya wiki ile ile nilikuwa naosha sufuria za watu walioleta chakula, nikaona Gus Petrakis anaingia kwa mlango wa nyuma. Gus ni yule dereva wa gari la mikate anayekaa nyuma yetu uwanjani. Alikuwa ameshika kofia mkononi, nikadhani kafa mtu mwingine. Akasema wamemuuza Pichardo. Amekwenda kwa matajiri wa pwani. Tumepewa vijana watatu ambao hakuna aliyewahi kuwaona, mmoja ameshapasuliwa kiwiko, na kilichobaki tumelipwa kwa pesa taslimu. Kisha akaketi, akala sahani nzima ya kabeji na tambi iliyopoa.

Nilikasirika, Rudi. Hata daktari aliyetuambia vipimo vya Emil vingoje mpaka masika sikumkasirikia hivyo.

Unajua kwamba hii si mara ya kwanza. Kila tukimzoea mtu, anafungiwa mizigo. Sisi ni kitalu. Tunamwagilia, wenye pesa wanakuja kung'oa. Grant Ostrander alirithi timu kwa baba yake kama vile mimi nilivyorithi cherehani kwa mama, tofauti ni kwamba mimi cherehani bado naitumia. Yeye kila mara anatupa mpango wa miaka mitano. Emil aliishi mipango minne ya namna hiyo, na hakuna hata mmoja uliofika mwaka wa tano. Na msimu huu wa baridi, baada ya kusema hawana uwezo wa kumlipa mrushaji, wamejenga mkahawa juu ya upande wa kushoto wa uwanja, wenye bwawa la kuogelea. Bwawa, Rudi, ndani ya uwanja wa besiboli, Ohio, ambako mwezi wa Aprili mtu anavaa soksi mbili.

Januari wakatuita wenye tiketi za msimu mzima kwenye mkutano, tunywe kahawa yao na tuulize maswali. Gus alinipeleka. Ostrander alikaa pembeni amevaa kizibao, anatazama simu. Aliyezungumza ni meneja mkuu, Colby Renshaw, kijana mwenye viatu vyeupe. Alituomba subira. Alisema wanajenga kikosi cha kesho, na kwamba dirisha letu la ushindi bado halijafunguka. Mama mmoja akauliza ni dirisha gani hilo lisilofunguka tangu yeye hajaolewa. Mzee wa nyuma akamjibu kwamba lipo, ila ni la kutokea. Watu wakacheka, lakini si kicheko kizuri.

Gus akasimama. Akamwambia Renshaw kwamba mwanawe amependa wachezaji watano tangu aanze shule, na wote watano wameuzwa, na sasa mtoto anashabikia mpira wa kikapu. "Mmeniharibia mtoto, bwana," akasema. Renshaw akamshukuru kwa mapenzi yake kwa timu.

Sikuwa nimepanga kusema kitu. Unanijua, mimi hata kanisani husoma kwa sauti ya chini. Lakini niliona mkono wangu uko juu, na mtu akanipa kipaza sauti. Nilitaka kujua jambo moja tu: kama walijua watamuuza Pichardo, kwa nini mwezi wa Oktoba walikuwa wakituuzia jezi yake? Renshaw akatabasamu. Nadhani alifurahi kupata swali jepesi.

"Mama, swali zuri sana hilo. Jezi tumezifanyia utaratibu. Kila aliyenunua ya Pichardo aje nayo dukani, tutambadilishia bure. Atachagua jina lolote lililopo kikosini."

Nikamwambia siwezi kuileta.

"Hata kama imechafuka, mama. Hata kama risiti imepotea."

"Ameivaa mume wangu."

"Basi na aje nayo mwenyewe, tutafurahi kumwona."

"Yuko makaburi ya Mtakatifu Kirili," nikasema, "mstari wa tatu kutoka kwenye uzio. Nendeni mkamvue."

Ostrander kwa mara ya kwanza aliinua macho kutoka kwenye simu, hakunitazama mimi, alimtazama binti wa gazeti aliyekuwa akiandika pembeni. Kisha yule mzee wa nyuma akaanza kupiga miguu sakafuni, polepole, na mwingine, na mwingine, na mkutano ukaishia pale.

Kesho yake gazeti likaandika. Keshokutwa yake binti mwenye sauti nzuri akapiga simu. Sasa unaelewa sherehe hii imetoka wapi. Emil alikwenda uwanja ule tangu akiwa amebebwa mabegani na baba yenu, na hawakuwahi kujua jina lake mpaka lilipowaaibisha.

Na hata hivyo ningeweza kukubali, maana nimechoka, na ningependa kusikia watu wakimpigia makofi. Nilimuuliza binti kama watataja kwamba alimpenda Pichardo. Akasema wangependa siku hiyo tutazame mbele. Kisha akaniomba picha. Nilimpelekea ile ya hospitali, ambayo Emil anacheka mpaka jino la pembeni linaonekana. Akanipigia tena, kwa adabu sana, akauliza kama ninayo nyingine ambayo Emil hajavaa jezi hiyo.

Hapo ndipo nilipokata simu. Wamemuuza mrushaji, sasa wanataka kumbadilisha jezi hata marehemu.

Lingine ni viti vyetu vya uwanjani. Vilikuwa vya baba mkwe, na nilipaswa kukuuliza kwanza. Barua ya kuvilipia msimu huu nimeirudisha bila sahihi. Usidhani ilikuwa rahisi. Miaka yote ile Emil alinimenyea karanga pale, zenye mbegu mbili akinipa mimi, zenye mbegu moja akila yeye, na hakuwahi kusema lolote kuhusu jambo hilo. Mimi pia sikusema. Lakini sitawalipa watu hawa wanifundishe kumpenda kijana mwingine ili wamuuze. Ukitaka kunikasirikia kwa hilo, nikasirikie. Usivilipie kwa siri tu.

Najua kwa nini unataka kuja, shemeji. Goti lilikuzuia kumzika ndugu yako, na unataka kusimama mahali fulani kwa ajili yake, watu wakikuona. Singekunyima hilo kamwe. Lakini makofi yale yatakuwa ya Ostrander. Utampa mkono, watapiga picha, na kesho yake gazeti litasema familia ya Hudak imeridhika. Mimi sijaridhika. Na Emil, ambaye aliwatukana kwa upole kila kiangazi cha maisha yake, hakufa ameridhika.

Kwa hiyo nunua tiketi ya ndege, lakini njoo kwangu. Nitatandika chumba cha juu, kile chenye dirisha la barabarani. Nitakupeleka makaburini, nikusubiri kwenye gari, ukae naye unavyotaka. Mchana vijana wa sekondari wanacheza nyuma ya kile kiwanda cha zamani cha majiko. Hakuna kiingilio, kila mtu anakuja na kiti chake. Gus anasema wana mrushaji wa mkono wa kushoto, hana adabu hata kidogo, na mpira wake hauonekani. Tutamtazama huyo. Hakuna wa kumuuza mpaka amalize shule.

Mpigie binti yule kabla ya Ijumaa, umwambie hapana. Mwambie kwa upole, yeye ameajiriwa tu. Akiuliza sababu, mwambie nimekwisha kuwapa ukumbini.

Nisalimie Nadine, na Paulette na mapacha wake, na yule jirani yako Bwana Ochs aliyeniandikia vizuri bila hata kunijua. Gus naye anakusalimu. Mungu alishike goti lako wakati wa kupanda na kushuka ngazi za ndege, na akulete salama mlangoni kwangu.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kwa sehemu yangu na ya Emil pia,

Lorraine Hudak