Futi Tisa Hadi Mlangoni

Karakanani,
Jumapili jioni.

Kwa dada yangu,

Nakusalimu wewe, shemeji na wote mlio chini ya paa lenu. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji ameacha kubeba magunia kama daktari alivyomwamuru, au bado anajiona kijana? Sisi hapa ni wazima, na nikisema wazima leo sijazi mstari. Tumelala, dada. Wote watatu, kila mtu mahali pake.

Ila kabla ya mengine, nina donge. Nimeyasikia uliyosema kwa baba mdogo: kwamba likizo tatu umeniomba nikuletee binti yangu, Chiriku, mara tatu nimekunyima, eti tangu nipate karakana na wafanyakazi sita nyumba yako hainitoshi tena. Yaliniuma. Karakana hii niliianza na randa moja ya kuazima, sijasahau nilikotoka. Ukacheka pia kwamba fundi wa vitanda mwanawe hana kitanda. Anacho. Mbao ngumu tupu, futi tatu kwa sita, nimekipiga msasa mwenyewe. Ni kweli kwamba kwa miaka miwili kililaliwa na nguo zinazosubiri pasi, na binti, miaka minane na nusu, akawa analala kati yangu na mama yake, magoti mbavuni mwangu. Mganga hajigangi.

Nilikujibu kila mara kwamba hawezi kulala peke yake.

Muhula huu mwalimu wake alituita. Akasema mtoto anasinzia saa nne asubuhi, kalamu mkononi, na hesabu alizokuwa akipata kumi kwa kumi sasa anapata nne. Akauliza kitandani tunalala wangapi. Mke wangu akasema watatu. Mwalimu akasema basi hapo hakuna anayelala. Nikakumbuka kwamba wiki ile nilikata miguu minne ya meza, mmoja ukatoka mfupi kwa inchi mbili.

Akatupa njia. Mzazi akae kwenye kiti kando ya kitanda cha mtoto hadi asinzie, bila hadithi wala kushikana mikono, na kila baada ya siku chache kiti kisogezwe kuelekea mlangoni. Hapo nikaona kazi yangu. Nikapima: kutoka kitandani hadi mlangoni futi tisa. Futi moja kila siku tatu, siku ishirini na saba. Nikachora mistari ya chaki sakafuni. Kiti nikakikalia mimi, maana mama yake hurudi kutoka kazini saa tatu usiku.

Mwanzo alilia mara mbili tu. Akaniuliza kama mwizi anaweza kupita kwenye wavu wa dirisha, nikamwambia labda awe mwembamba kama rula. Akacheka, akalala. Kisha kazi ikakwama. Siku ya kumi na nane tulipaswa kuwa futi ya sita, lakini kiti kilikuwa hakijafika hata katikati ya chumba. Mama yake akaanza kumkaripia kwamba anadeka, wenzake wanalea wadogo zao. Asubuhi yake Chiriku, asiyekosa jibu, akachukua tepu yangu, akapima sakafu, akaja mezani kututangazia kwamba futi za baba zimesinyaa: ya kwanza ina inchi kumi na mbili, ya nne saba, ya sita tatu. Mke wangu akanigeukia. Nikasingizia deki. Akasema deki hufuta, haichori.

Dada, ni mimi. Mtoto alikuwa akisinzia ndani ya robo saa. Mimi ndiye niliyefuta mistari na kuichora upya karibu na kitanda, kisha nikabaki kitini hadi shingo ikakakamaa. Na zile likizo, yeye alikuwa ameshafunga mkoba. Mimi ndiye niliyesema hawezi.

Sababu nimekaa nayo miaka thelathini na mmoja. Mama alipofariki, nililala mgongoni pako miaka mitatu. Ukaolewa Jumamosi. Usiku huohuo, nina miaka tisa, nikazimiwa taa na mlango ukafungwa. Hakuna aliyenipimia hata inchi moja. Nilikukasirikia, nikamalizia hasira yangu kwenye mbao. Nawe ulikuwa na miaka kumi na tisa tu, ungefanya nini? Sasa mwanangu anakaribia tisa, nikaona ni mimi tena ninayeachwa.

Nilipoyakiri haya palepale mezani, mke wangu alicheka hadi akakaa chini, akaacha alipoiona sura yangu. Chiriku akaniambia taratibu kwamba kama naogopa, hataufunga mlango. Ila kiti nikitoe, kwa sababu nakoroma. Nikakitoa. Huu ni usiku wa kumi na moja. Jumatano alipata tisa kwa kumi. Nami jana nimelala saa saba mfululizo, nikaamka nikadhani naumwa.

Shule zinafungwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi nitamleta, akae siku kumi na nne kamili, mimi nitageuza siku hiyohiyo. Mpe chumba chake. Nisamehe kwa likizo tatu; na yale ya kwa baba mdogo nimeyameza.

Mke wangu anakusalimu sana, na Chiriku anauliza kama kuku wenu bado wanadonoa. Mfikishie shemeji salamu zangu. Na nikipiga simu usiku wa Jumamosi kuuliza kama amelala, tafadhali usipokee.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi.