Siku Waliponiteka Kunipeleka Hamburg

Nyumba ya juu ya bandari,
Lemvig, Denmark.
18 Mei 2009

Mpendwa dada yangu Gudrun,

Pokea salamu zote nilizokunyima tangu Krismasi. Ukizitumia taratibu zitakufikisha vuli. Magoti yanasemaje? Na shemeji Harold bado anakoroma mpaka majirani huko Kanada wanadhani ni mashine ya kuondoa theluji? Mimi mwili mzima. Meno ni yale yale machache, na tumbo linafanya kazi kuliko mwenyewe.

Shuka ulizotutumia za harusi zimefika. Mchumba wangu Birthe hajaziona. Nitakueleza kwa nini, ila kwanza tafuta kiti chenye mgongo.

Nilikwambia habari za bintiye, Lone, mwalimu asiyecheka mpaka apewe ruhusa kwa maandishi. Tangu nianze kumfuata mama yake, wimbo wake ni mmoja: huyu Orla hana neno la kweli kinywani. Basi Birthe akapanga. Jumamosi, saa nne asubuhi, nije tunywe kahawa na Lone, nimwambie mwenyewe kwamba nampenda mama yake na nitamtunza. Saa moja tu, bila kuchekesha mtu.

"Ukiliweza hilo, Orla, tunafunga ndoa kabla ya Pentekoste," aliniambia. "Ukishindwa, basi mwanangu anasema kweli."

Nikanyoa, nikavaa tai. Natoka langoni hivi, nikarukiwa na rafiki zangu Tage na Preben, gunia la viazi kichwani, mimi huyo kiti cha nyuma. Siku ya kumteka bwana harusi, dada, ile marafiki wanayomchezea kabla hajaoa. Ulipoondoka walikuwa wanafanyiwa vijana. Siku hizi hata sisi wa kukaribia kaburi hatuachwi. Simu wakaichukua, wakaiacha dirishani kwangu, kama mimi nilivyowafanyia wengine.

"Jamani nishusheni," nikasema ndani ya gunia. "Saa nne natakiwa kwa Birthe."

"Umemsikia?" Preben akacheka. "Mimi siku yangu nilisema mama mkwe amefariki. Tage, wewe ulisema nini?"

"Nilisema ng'ombe wangu anazaa."

"Ona! Hakuna bwana harusi asiyekuwa na uongo wake."

"Ila kweli alikuwa anazaa," Tage akasema, na gari likaendelea kwenda.

Nikawaapia kwa kaburi la mama. Preben akasema hicho kiapo nilikitumia mwaka juzi nilipomuuzia jogoo nikimwambia ni kuku wa mayai. Kufika mpakani, saa nne ilikuwa imeshapita zamani.

Hamburg wakanivisha vazi la nyuki. Mistari ya njano na nyeusi, mabawa, na waya mbili zinachezacheza juu ya upara. Nikatembezwa mji mzima nikiomba busu la shavuni kwa kila mwanamke, ndiyo sheria waliyoniwekea. Mji ule umeona mengi, hakuna aliyeshtuka. Bibi mmoja alinitazama, akamwambia Preben kwa Kijerumani kwamba babu huyu apelekwe ndani, anapata baridi.

Mwishowe nikakaa chini kwenye ngazi za bandarini, mabawa yamepinda, nikashindwa kuinuka. Preben akaleta bia. Tage akanitazama sana.

"Preben, huyu hafanyi mzaha."

"Anafanya. Mpe dakika."

"Nimekaa na huyu tangu darasa la kwanza. Mpe simu."

Birthe alipokea mara moja. Nikamweleza yote, gunia, mpaka, nyuki. Nyuma yangu kulikuwa na kundi la Waingereza na bwana harusi wao, wanaimba kama ng'ombe wenye njaa. Birthe akasikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini, Orla," akasema. "Na wao uliwaambia ukweli?"

"Niliwaambia, Birthe. Hawakuniamini."

"Ndiyo hiyo. Watu waliokaa na wewe maisha yao yote hawakuamini. Sasa mimi nimwambie nini Lone?"

Akanitakia safari njema, akakata. Ningefurahi kama angenitukana.

Tage alikuwa ameshakunywa, hakuweza kuendesha. Tukaendelea kuzunguka mji ule mpaka jioni, vizee watatu na nyuki, maana nyuki nimejihesabu mara mbili. Tulipita chini ya mto kwa lile handaki lao. Nikawaambia tunafanya mazoezi ya kuzikwa. Wakacheka sana, na hapo nikajichukia.

Tuliporudi, Tage na Preben walikwenda kwa Birthe kuniombea, kofia mkononi. Akawapa keki. Dada, mwanamke aliyekukasirikia hakupi keki. Nikajua hata hasira hana tena, ndoa imekwisha.

Juzi nikamwandikia barua. Bila utani hata mmoja, nimeifuta na kuiandika upya mpaka karatasi zikaniishia. Tage akaipeleka. Birthe akaisoma pale pale mlangoni, akamuuliza, "Nani amemwandikia?"

Nilifikiri nikuombe wewe umwandikie, uliyenijua kabla sijaanza kuchekesha watu. Kisha nikaona atasema nimekupanga. Na Lone atasema dada mwenyewe hayupo, Orla amemtunga.

Kwa hiyo tiketi ya ndege usiikate. Mchungaji sijamwambia. Kila akinikuta dukani ananipa mkono na kusema siku inakaribia, nami namjibu ndiyo, mchungaji, inakaribia. Nikimwambia haipo tena, atacheka.

Nisalimie shemeji Harold, Ellen, na Peter na kitoto chake kipya. Mungu akulinde huko kwenye baridi yenu, akupe magoti mengine kama yapo ghalani.

Nduguyo akupendaye, na hili liamini,
Orla