Matangazo ya Bwana Kesho

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila moyo umeniganda tu. Wewe na goti lako mnaendeleaje?

Mhariri amenitoa kwenye habari za mahakama, kanitupa kwenye dirisha la matangazo ya vifo. Kila adhuhuri huja mteja asiye na kivuli. Tunamwita Bwana Kesho, maana matangazo yake yana tarehe ambayo haijafika. Sheria ya gazeti ni kuwapigia simu ndugu wa marehemu kuhakikisha. Napiga, naweka spika, wao wanacheka: "Afe nani? Huyu hapa anakula!" Tarehe ikifika, kafa kweli. Wamefika kumi na wanne, Mama, na sijamlilia hata mmoja. Nakula mchana kama kawaida.

Mwanao


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linadeka. Hivi wewe ni mwandishi wa habari gani usiyejiuliza? Huyo mtu hajui watu wake walipo. Anasimama hapo dirishani kusikiliza. Mtu akisema "huyu hapa anakula," si keshamwelekeza? Acha kupiga simu, nakuomba.

Mama yako


20 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumai u mzima.

Ulisema kweli. Niliacha kupiga, na siku tisa hakufa mtu. Yeye alikaa tu kwenye benchi, ananitazama. Mhariri alipogundua alinifokea, akanisimamisha kazi, simu akampa dada wa mapokezi. Leo dereva wa lori la magazeti kaniambia Bwana Kesho kaleta tangazo lenye picha yangu. Nimejaribu kuogopa, nimeshindwa. Kesho dada atakupigia. Mimi sithubutu kukupigia, sijui masikio yake yanafika wapi, ndiyo maana barua nampa dereva huyo. Usipokee simu, Mama.

Mwanao


23 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nisingepokea, wangempigia jirani, na mdomo wa jirani yetu unaujua, hauna kufuli. Angewatajia hadi rangi ya mlango wako. Basi nikapokea. Dada wa watu akaniuliza kwa upole, "Mama, ni kweli binti yako amefariki?" Nikamjibu ndiyo, juzi, tumeshamzika. Nyuma yake nikasikia mtu anakohoa, kisha viatu vikaenda zake.

Gazeti limetoka na picha yako. Sebule imejaa watu. Mama yako mdogo amelia hadi akazimia, na sikumwambia kitu. Mimi nilidhani nitalazimika kujiliza, kumbe wapi, machozi yamekuja yenyewe.

Hama mji huo leo leo. Kazi utapata, mikono unayo. Nyumbani usije, simu usipige, na barua hii usiijibu, maana akisikia nina mtoto anayeniandikia atarudi kuuliza. Nakupenda, nilikuwa sijawahi kukuambia. Kuna watu wengine wanabisha hodi, naenda kupokea pole zao.

Mama yako