Binti Aliyefungiwa Stoo, Mafiga

MAELEZO YA SHAHIDI
Dawati la Jinsia na Watoto, Morogoro. Tarehe 12/11/2025, saa 4:10 asubuhi.
Jina: Zuhura Mwinjuma. Umri: miaka 43. Kabila: Mluguru. Dini: Muislamu. Kazi: fundi cherehani. Makazi: Mafiga.

Kila Jumapili alasiri nawafundisha ushonaji mabinti wanaofanya kazi za ndani hapa mjini. Wametoka mbali, hawana ndugu, kwa hiyo shida zao wananiambia mimi. Mmoja wao ni Winfrida, miaka 15, kwao Mahenge.

Mnamo tarehe 9/11/2025 hakuja, ikiwa ni Jumapili ya pili mfululizo. Saa 11:20 jioni nilikwenda kwa mwajiri wake, Bi Shadya. Alitoka hadi getini.

"Kaenda kwao tangu wiki juzi," alisema. "Baba yake anaumwa."

Winfrida aliwahi kuniambia baba yake ni marehemu. Nililikumbuka hilo palepale. Lakini Bi Shadya ni mteja wangu wa miaka mingi, nikaona haya kumwambia anadanganya. Nikasema, "Mungu amjalie nafuu," nikaondoka.

Jumatatu nilishinda kwenye cherehani. Nilichoshona nilikifumua.

Jumanne tarehe 11, saa 3:00 asubuhi, nilimweleza mwenyekiti wa mtaa, Mzee Salehe. Tulikwenda wote. Stoo ya uani ilikuwa na kufuli. Mzee Salehe alimwamuru Bi Shadya afungue, akafungua. Winfrida alikuwa amelala juu ya magunia, mguu wa kulia umeungua na unatoa usaha. Alijaribu kuinuka.

"Shikamoo, mwalimu."

Bi Shadya alisema, "Alimwagikiwa mafuta ya moto. Nilikuwa namtibu mwenyewe, watu wasije wakasema."

Tulimpeleka hospitali kwa bajaji, nimempakata. Njiani aliniambia, "Jumapili nilikusikia unaongea getini. Nikavaa gauni langu, nikakaa nakusubiri."

Nilimwambia dereva aongeze mwendo.

Jana jioni alikatwa vidole viwili vya mguu. Daktari alisema atatembea. Sikumuuliza kama zile siku mbili zingebadilisha kitu.

Afande anayeniandika amesema mambo yangu na Bi Shadya pale getini naweza kuyafupisha. Nimeomba yaandikwe yote.

Niliyoyaona, niliyoyasikia na nisiyoyafanya ni hayo.

Sahihi: Z. Mwinjuma

Yameandikwa nami, WP Koplo Josephina. Nimemsomea shahidi polepole. Hakubadilisha neno.