Manimeka, Roma na Mbegu ya Mama Mkwe

Jumapili, jioni. Upepo wa tambarare haujatulia tangu asubuhi, na mimi pia sijatulia.

Nilitaka leo niandike malalamiko yangu ya kawaida kuhusu nyanya, nimalize, nipumzike. Yamekuwa mambo mengine kabisa.

Msimu huu nilipanda aina tatu kwenye matuta nyuma ya nyumba yetu ya kota, hapa kwenye mashamba ya ngano. Manimeka nililetewa pakiti kutoka Arusha, picha yake nyekundu mpaka unatamani kuilamba. Roma nilipewa na Mama Yohana wa nyumba ya pili, aliyeapa kwamba hazijawahi kumwangusha. Ya tatu ni mbegu ya mama mkwe kutoka Endasak, ya zile nyanya kubwa zenye mikunjo. Huikausha kwenye karatasi na hampi mtu ovyo. Mimi alinipa kwa mikono miwili. "Usiiache ipotee, mwanangu," alisema.

Zote zimenitia aibu. Manimeka ilianza kusokota majani ya juu kabla hata ya kutoa ua. Roma ikafuata, majani membamba kama nyuzi, shina limevimba na kupasuka. Nikasema haya, hizi zimezoea kudekezwa, mama mkwe ataniokoa. Wapi! Zake ndizo zilizoharibika kuliko zote. Matunda yalitoka yamepinda, jingine limeota kitu mfano wa pua.

Nilichukia mpaka basi. Juma lililopita nilimwambia Baba Neema, mume wangu, kwamba mbegu ya mama yake ni takataka. Alinuna, ugali akausukuma pembeni. Nami ulimi wangu ukishaanza haujui kusimama, nikairudia kauli hiyo asubuhi yake.

Leo tumerudi kanisani, nikaenda kumwaga maji ya vyombo nyuma ya jiko. Pale kuna mche mmoja wa nyanya uliojiotea. Siku ya kusia mbegu niliikung'uta pale karatasi ya mama mkwe, na chache zilizokuwa zimenata zikaanguka. Sijawahi kuutunza, unakunywa maji ya sufuria tu. Leo ndipo nimeuinamia vizuri. Majani yamenyooka, mapana. Matunda mekundu, makubwa, na mikunjo yake ile ile.

Mbegu ile ile. Udongo ule ule.

Nimesimama na beseni tupu, najiuliza ninayapa nini matuta ambacho mche huu haupati. Samadi sikuweka msimu huu, maana wafugaji waliokuwa wakitugawia wamehamishia ng'ombe mbali tangu ngano ilipochukua malisho yao. Kimebaki kitu kimoja tu. Dumu la bluu ninalomwagilia.

Tulipata madumu mawili mwezi wa nne, shamba lilipomaliza kunyunyizia ngano dawa ya magugu. Baba Neema ni dereva wa trekta inayovuta ile mashine ya kunyunyizia. Madumu matupu yanatakiwa yatobolewe na kufukiwa, lakini nani atafukia dumu zima wakati maji tunayafuata mbali? Aliyaleta ameyafunika gunia. Tukayasugua kwa mchanga, majivu na sabuni ya mche mpaka hayanuki kabisa. Nilifurahi kama mtu aliyeletewa kanga mpya. Moja mfuniko wake ulikuwa umepasuka, nikaliweka bustanini.

Nimelichukua, nimenusa mdomo wake. Hakuna kitu. Halafu nikakumbuka kwamba mkono wa dumu hili una uwazi ndani, na mchanga wetu haukufika huko. Nimelilaza juani, nikaligeuza na kulitikisa. Kutoka ndani ya mkono limetoka tone zito la rangi ya chai, na ile harufu. Ndiyo harufu ya nguo za Baba Neema za mwezi wa nne.

Na alinieleza mwenyewe, tena akijisifu, kwamba dawa ile ngano haiigusi, ila magugu ya majani mapana yanajisokota mpaka yanakufa. Jamani, na nyanya ina majani gani?

Dumu la pili liko Endasak.

Tulimpa mama mkwe. Yeye alitupatia mbegu, sisi tukampa dumu, lile zuri lenye mfuniko mzima. Alishukuru mpaka nikaona haya. Analiweka ndani, la maji ya kunywa. Na pale nyumbani yupo wifi yangu Martha, mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa, kutwa analalamika kiu.

Sijui dawa hiyo inamfanya nini mtu. Sijui, na hilo ndilo linalonitafuna. Najua tu ilivyozifanya nyanya zangu, na kila nikifumba macho naliona lile tunda lenye pua.

Baba Neema alipoamka usingizi wa mchana nilimwambia yote pale pale bustanini. Kwanza alitazama madirisha ya jirani. "Punguza sauti," akasema. Nikamwambia kesho nakwenda Endasak kulichukua. Akasema mama atauliza, watu wa kule watauliza, maneno yatarudi huku, na watu wa stoo ya shamba watajua ni nani aliyetoa madumu. Nyumba hii ni ya kazi. Kazi ikiisha, tutalala wapi? Nami naipenda nyumba hii, ina bati na sakafu ya saruji, na sijawahi kuishi kwenye nyumba ya namna hii.

"Mbona tuliliosha?" akasema. "Ni safi. Wewe unazusha tu."

Nami na ulimi wangu, "Kama ni safi, kunywa."

Akanikata jicho. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akayamimina kwenye lile dumu la bustanini, akalitikisa, akayarudisha kikombeni. Haki ya Mungu nilitaka kumzuia, lakini kiburi kilinishika. Akakiinua mpaka mdomoni. Hapo Neema, binti yetu mdogo, akaja mbio kutoka kizingitini, amenyoosha mikono.

"Baba, na mimi maji."

Hakunywa. Alisimama hivyo hivyo, kikombe kimegusa mdomo, anamtazama mtoto. Kisha akamwaga yale maji mbali, akafuta vidole kwenye suruali, akavifuta tena. Nilimnyanyua Neema nikampeleka ndani.

Baadaye nikasikia nyundo. Nilipotoka nikamkuta anatoboa dumu letu kwa msumari, pande zote, mpaka kwenye mkono, wala hafichi kelele. Mama Yohana akachungulia.

"Jirani, mnatengeneza nini Jumapili hii?"

Nilidhani atamdanganya. Akamwambia madumu haya hayafai kwa maji, na kama analo la namna hii alilete naye alitoboe. Mama Yohana alinitazama mimi, akamtazama yeye. Akaenda kulileta lake. Kabla hajarudi nilikuwa nimeanza kulia, sijui kwa hofu ya kufukuzwa au kwa kumpenda yule mwanamume.

Kwa hiyo kesho watu wote wa kota watajua, na stoo pia watajua. Baba Neema anasema yeye atakwenda kazini kama kawaida, akiitwa ataitika.

Mimi nitaomba kupanda lori la ngano linaloondoka alfajiri kwenda Katesh, na kutoka pale nitatafuta usafiri wa Endasak. Nimeosha dumu letu la manjano la mafuta ya kula ili nimwachie mama mkwe badala ya lile. Nyanya za nyuma ya jiko nimezichuma zote, nimezifunga kwenye kitenge.

Tangu jua lishuke napanga maneno. Shikamoo, mama. Mbegu yako ni nzuri, nilikosea kuitukana. Mpaka hapo naweza. Halafu nitamwomba dumu lake, naye ataniuliza kwa nini, na Martha atakuwa amekaa pale pale karibu yetu, pengine na kikombe mkononi.