Sifuri Moja Katika Kondensa

Landhies, Nakuru
16 Juni 1954

Kwa dada yangu mpendwa Nabalayo,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji na watoto wote. Je, kifua cha mama kimepata nafuu? Mimi mwilini sina ugonjwa, ila chakula hakipiti, siwezi kukaa wala kusimama, na hapa sina mtu wa kumweleza.

Unajua natengeneza redio katika duka la Bwana Premji. Mafundi tuko wawili, mimi na Thuo, Mkikuyu wa mtaa wa Bondeni, ambaye ndiye aliyenifundisha kulehemu. Mwezi uliopita ililetwa redio ya mzungu wa shamba upande wa Njoro, ile ya kuita polisi wakati wa hatari. Thuo alibadilisha nyaya za betri, mimi nikabadilisha kondensa iliyoungua, kile kidude kidogo cha kuweka umeme. Karatasi ya kazi iliandikwa jina la Thuo kwa kuwa ndiye mkubwa. Redio ilipokea sauti vizuri; kutuma hatukuruhusiwa kujaribu.

Wiki iliyopita zizi la shamba hilo lilichomwa moto. Mzungu aliita polisi, akaita tena, hakuna aliyemsikia. Hakufa mtu, lakini ng'ombe kumi na mmoja waliteketea. Jumatano askari walikuja dukani, wakasoma karatasi, wakamwuliza Thuo kabila lake ingawa walilijua, maana siku hizi za Hali ya Hatari kila Mkikuyu hushukiwa kuwasaidia wapiganaji wa msituni. Akasema hakuharibu kitu. Alinitazama mara moja tu, kama mtu anayetaka kuagiza neno nyumbani. Nikainamisha kichwa, wakaenda naye.

Kesho yake nilifungua daftari langu la hesabu. Kondensa ya zamani ilikuwa imeandikwa .0005 kwa kipimo kikubwa, yaani maikrofaradi. Mpya tulizoletewa zimeandikwa kwa kipimo kidogo, na kikubwa kimoja ni vidogo milioni moja. Jibu ni 500. Mimi nilikuwa nimeandika 5000, na ya 5000 ndiyo niliyofunga. Dada, ni mimi. Niliongeza sifuri moja, redio ikawa inaita mahali pengine hewani ambapo polisi hawasikilizi.

Nilijua hayo Alhamisi. Ijumaa nikafika hadi lango la polisi, nikarudi. Jumamosi nikazunguka mjini. Jumapili nikakaa kanisani bila kusikia neno. Jumatatu ndipo nikampelekea inspekta daftari. Redio ilifunguliwa, ikaonekana nasema kweli. Nilidhani nitafungwa, lakini alinikemea tu, kisha akasema, "Mwenzako alipandishwa lori la kwenda kizuizini Jumamosi." Kapelekwa wapi, hakuniambia. Alisema ataandika barua kwa wakubwa kwamba Thuo hana kosa.

Ningeingia lile lango Ijumaa, ningemkuta.

Wachuka, mke wa Thuo, alisikia kwamba nilikwenda polisi, akafikiri nilikwenda kumwulizia mumewe. Jana aliniletea githeri, mahindi na maharagwe ya kwao, akanishukuru, akasema katika duka lote ni mimi peke yangu niliyemkumbuka. Nilipokea, Dada. Nikamwitikia, wala sikumwambia.

Nimekuandikia wewe kwanza ili nizoee kuyasema. Nikitoka posta naenda moja kwa moja Bondeni kumwambia Wachuka, na atakalonitendea ni haki yake.

Mama usimsomee barua hii. Mpe salamu tu. Wasalimie na majirani wa Kimilili, na uniombee.

Ni mimi mdogo wako,
Wamalwa