Mkurugenzi Hakutaka Kupigwa Picha

Alhamisi, Kibabi, huku Masisi. Ukungu tangu alfajiri, kisha jua kali, kisha mvua ya mawe. Matope yameingia hadi kwenye soksi. Hasira niliyokuja nayo asubuhi bado ninayo ninapoandika haya.

Nianze na ukweli: niliwachukia wale wakubwa kabla hawajashuka garini. Mwandishi wa habari hatakiwi kusema hivyo, na kwenye ripoti ya redio sitasema. Hapa nasema.

Walikuwa wakurugenzi watatu wa kampuni ya simu, wametoka Goma kuzindua anteni mpya kwenye kilima kilicho juu ya soko. Walileta hema jeupe, spika, na kofia za bure zenye rangi za kampuni. Walitegemea ngoma na vigelegele. Walichokuta ni wanawake wameketi chini barabarani, mbele ya hema, kimya.

Nieleze sababu, kwa ajili ya wasomaji walio mbali na Masisi.

Huku ukitaka laini ya simu unamwendea wakala sokoni, chini ya mwavuli wake. Anaomba kadi yako ya mpiga kura, anauliza jina la mama yako na kijiji ulichozaliwa, kisha anakusimamisha mbele ya kitenge cha buluu na kukupiga picha. Lakini watu wengi waliokimbia vita kutoka Walikale, upande wa Itebero, walifika bila kadi. Iliungua pamoja na nyumba, au ilichukuliwa kwenye kizuizi cha barabarani. Basi ikazoeleka kwamba mtu wa kanisani, anayeaminika, anatoa kadi yake na sura yake, na laini ya mgeni inaandikwa kwa jina la huyo mwenye kadi. Wakala alijua. Kampuni ilijua. Hakuna aliyeona ubaya. Ilikuwa kama kumwazima mgeni sufuria.

Mama Sifa, mwimbaji wa kwaya, aliwafanyia hivyo watu wengi. Sifa si jina lake, na anakoishi sipaandiki.

Wiki iliyopita wenye bunduki walifika kwake. Ni wa upande gani, siandiki pia. Walimwambia kwamba simu yake imempigia adui. Akakana. Wakamwonyesha picha kwenye simu: yeye mwenyewe, mbele ya kitenge cha buluu, mtoto mgongoni. Mtoto huyo sasa anakimbia uani. Picha ile aliipiga mtu mmoja tu duniani, wakala wa kampuni. Wakamtajia na jina la mama yake.

Aliyepiga ile simu ni mmoja wa wageni aliowaandikishia. Mama Sifa anamjua. Wamempa hadi Jumamosi, siku ya soko, amtaje. Asipomtaja, watahesabu kwamba ni yeye.

Hajamtaja. Mimi sikumwuliza.

Kipeperushi walichotugawia waandishi leo kinazungumzia "imani ya wateja wetu". Nimekitumia kufutia viatu.

Mkuu wa wale watatu, bwana mrefu mwenye kofia ya kampuni, alishika maikrofoni. Alisema kampuni haijawahi kutoa habari za mteja kwa mtu yeyote. Halafu akaongeza, kwa upole wa mtu anayegawa pipi: "Kama kuna muntu iko na shida, atupatie jina yake, tutaangalia."

Watu walicheka. Hakikuwa kicheko cha furaha.

"Jina?" Papa Kambale alipaza sauti. Ni mfanyabiashara kutoka Butembo, na duka lake linauza unite, vocha za simu, za kampuni hiyohiyo. "Jina muko nayo, shefu! Sura muko nayo! Jina ya mama yake muko nayo! Mulishauzisha yote!"

"Hatuuzishake kitu, Papa."

"Basi mulitoa bure? Iyo njo mubaya zaidi!"

Hapo akasimama Mama Nyota, muuza viazi, mwenye sauti iliyozoea kuita wateja ng'ambo ya bonde. Wakala alikuwa amekwisha kutoroka, lakini kitenge chake cha buluu kilikuwa bado kinaning'inia kwenye mbao, karibu na hema. Mama Nyota alikifungua. Wanawake wawili wakakitandaza nyuma ya yule mkurugenzi mrefu.

"Simama apa, Papa. Angalia mbele. Usiceke."

Mkurugenzi alitabasamu. Nadhani alifikiri anakaribishwa.

"Jina ya mama yako?"

Tabasamu likapungua.

"Ulizaliwa mu kijiji gani? Na kule Goma unalalaka wapi, kartie gani, mutaa gani? Sema, Papa, usiogope. Njo vile mulitufanyaka."

Akainua simu yake ampige picha. Mkurugenzi akavua kofia ya kampuni na kujifunika nayo uso. "Hapana, Mama, hapana! Iyo ni vie privée yangu!"

Faragha yake. Alisema hivyo kwenye maikrofoni, na spika zilikuwa nzuri.

Kisha wanawake wakalichukua neno hilo na kulirudisha, safu kwa safu, hadi wenye pikipiki kando ya barabara wakaitikia kwa honi. "Yeye iko na vie privée! Na sisi tuko na nini?" Kampuni itasema mawe yalirushwa. Nilikuwepo, nikiangalia hasa jambo hilo, na sikuona jiwe hata moja. Kilichorushwa ni zile kofia.

Nami nilikuwa na picha yangu: mkurugenzi, kofia usoni, kitenge cha buluu nyuma yake. Sijapata picha kama hiyo kwa muda mrefu. Nilikuwa tayari natunga maneno ya kuisindikiza, Mama Sifa alipokuja kusimama kando yangu. Alikuwa nyuma ya umati muda wote. Alitaka kuwasikia kwa masikio yake.

"Kaka, na wewe ulipiga."

"Ndiyo, Mama. Ya yule mukubwa."

"Iyo yako inaendaka wapi?"

Nikaifungua. Juu ya bega la mkurugenzi, pale kitenge kinapoishia, uso wake Mama Sifa ulionekana wote, wazi kama wa kwenye kitambulisho. Nilikuwa karibu kuituma kwa rezo, yaani mtandao, ya kampuni ileile. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sikuangalia pembeni mwa picha kwa sababu katikati palikuwa patamu.

Nimeifuta mbele yake. Na nyingine zote za leo.

Aliitikia kwa kichwa, akajifunika kitenge chake, akaondoka kabla ya mvua.

Mvua ilipokatika, gari la wakubwa lilikwama kwenye matope chini ya anteni yao. Magurudumu yalizunguka bure. Hakuna aliyesukuma. "Piga simu basi, shefu!" wenye pikipiki waliwaambia. "Rezo iko muzuri, anteni mupya njo ile!" Mimi pia sikusukuma. Nilikwenda dirishani na kuuliza swali moja: je, jina la mtu linaweza kuondolewa kwenye laini anayoitumia mwingine kabla ya Jumamosi?

Akajibu mmoja wa wale watatu, mkurugenzi wa huduma kwa wateja. Anayetumia laini lazima afike mwenyewe ofisini Goma, akiwa na kadi yake.

"Na kama hana kadi?"

Akapandisha kioo.

Yaani ili ajiokoe, Mama Sifa ampeleke mjini, kupitia vizuizi vyote, mtu yuleyule anayekataa kumtaja. Jina lake waliligawa bila yeye kufika popote. Kulifuta ndiko kunakotaka safari.

Mhariri amenipigia jioni hii kuulizia picha. Nimemwambia nina sauti tu, ya mkurugenzi akitetea faragha yake. Amekasirika. Akasirike.

Kinachonisumbua ni kingine. Wiki hii nilimpigia Mama Sifa zaidi ya mara moja, kwa laini yangu, yenye jina langu na sura yangu. Simu hizo zimehifadhiwa mahali fulani, na sijui nani anazisoma. Sitampigia tena.

Kesho asubuhi nitapanda pikipiki hadi kwake nimpe jibu la kampuni kwa mdomo. Simu itabaki hapa mezani, imezimwa. Na ukurasa huu hautaingia mtandaoni kabla Jumamosi haijapita. Akisema anabaki, nitaketi naye. Akisema anaondoka, sitamwuliza anakwenda wapi.

Nisichokijua hakiwezi kutoka kwenye simu yangu.